Keki za Mwezi Zinaanza Wiki Sita Kabla: Mwongozo Kutoka Jiko Langu la Walukuba

Ikiwa sikukuu ya mwezi ya Wachina ni kesho na ndiyo kwanza unasoma hapa, ruka hadi kule chini ninakozungumza na waliochelewa, maana keki za mwezi, zile za duara zenye kijazo ambazo huliwa usiku huo, zimeshakupita. Haziokwi leo zikaliwa leo. Shira yake inataka kulala, mayai yake yanataka mwezi mzima ndani ya maji ya chumvi, na hata zikishatoka kwenye moto zinataka siku mbili tatu za kufungiwa kwenye kopo ndipo zilainike. Mtu asiye na subira anunue biskuti, hakuna atakayemlaumu.

Mimi ni mpishi. Nimekulia Walukuba, hapa Jinja, Uganda, kwenye nyumba za wafanyakazi wa viwanda ambako Mjaluo, Mgisu, Mnubi na Msoga hawakuwa na lugha nyingine ya kugombania bomba la maji isipokuwa Kiswahili. Wakati mabwawa ya umeme yanajengwa kwenye Nile nilipata kazi katika jiko la kambi ya mafundi wa Kichina, upande wa Kayunga. Mpishi mkuu alikuwa mzee wa mkoa wa Guangdong, kusini mwa China. Tulimwita shifu, kama wanavyomwita kwao mtu mwenye ufundi mkononi, naye akituita dada, neno alilolishika siku ya kwanza na kulitumia kwa kila mtu, hata kwa askari wa getini. Hakuwa na Kiingereza, mimi sikuwa na Kichina, tukafundishana kwa mizani. Ndiyo maana vipimo vyangu ni vya gramu. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Mambo ya kukisia kwa kiganja yaache kwenye pilau.

Tarehe kwanza. Sikukuu hii, ambayo Wachina huiita Zhongqiu, ni siku ya 15 ya mwezi wa nane wa kalenda yao ya mwezi. Mwaka 2026 itakuwa Ijumaa tarehe 25 Septemba, mwaka 2027 tarehe 15 Septemba, na mwaka 2028 tarehe 3 Oktoba. Sisi Waislamu tumezoea miezi inayorudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, hata Ramadhani ikatupitia masika na kiangazi. Wao, kila baada ya miaka miwili au mitatu, huongeza mwezi mzima ili sikukuu isihame kutoka msimu wa mavuno. Na kwa kuwa huanza kuhesabu mwezi ukiwa bado gizani, bila kusubiri uandame, siku yao ya 15 kwa kawaida huwa kwetu ya 13 au 14. Yaani inaangukia zile siku nyeupe ambazo baadhi yetu hufunga. Hajati, jirani yangu, hufunga siku hizo, kwa hiyo meza yangu ya sikukuu ya Wachina ndiyo futari yake.

Msimu nao unatufaa. Huku Busoga, mahindi, maharage na karanga za msimu wa kwanza huwa zimeshavunwa na kukaushwa, hivyo Septemba unapata sokoni maharage mapya yanayoiva upesi, si yale yaliyokaa ghalani yakawa mawe na kula makaa ya gunia zima.

Sasa mayai. Wiki sita kabla, au tano ukichelewa, tafuta mayai ya bata kumi na mbili yasiyo na ufa. Ya kuku yanakubali, lakini kiini cha bata ni kikubwa na kina mafuta zaidi. Yaoshe, yakauke kabisa. Chemsha lita moja ya maji na gramu 250 za chumvi, acha yapoe hadi baridi, kisha yamimine juu ya mayai ndani ya mtungi au ndoo yenye mfuniko. Mayai yataelea, kwa hiyo yakandamize kwa kisahani. Weka mahali penye kivuli, andika tarehe juu ya mfuniko, usahau. Baada ya siku 30 vunja moja: ute utakuwa umebaki maji, kiini kimeshikana, kimekuwa rangi ya chungwa, unaweza kukiokota kwa vidole. Ute huo una chumvi kali, usiukaange na nyanya ukidhani umeokoa kitu. Shifu alikuwa akivinyunyizia viini pombe kali ya kwao ili kuondoa shombo. Mimi ninaviloweka usiku mmoja kwenye mafuta ya karanga na vipande vya tangawizi, kisha ninavipasha kwenye oveni dakika saba hivi, mpaka vianze kutoa jasho la mafuta. Kiini hicho ndicho mwezi wenyewe, ukikata keki unauona katikati. Anayekichukia aache, keki ya maharage matupu bado ni keki.

Mayai yakiwa ndooni, pika shira. Sukari gramu 400, maji mililita 200, maji ya limau mililita 50 yaliyochujwa. Sukari ya kawaida ya dukani inatosha, na hapa kwetu haijatembea mbali, mashamba ya miwa ya Kakira yako jirani tu. Koroga mpaka sukari iyeyuke, ikianza kuchemka weka mwiko chini na usiuguse tena. Moto uwe mdogo kabisa, dakika 45 hadi saa nzima. Utaona rangi inatoka ya maji, inakwenda ya dhahabu, inakwenda ya chai iliyokolea. Hapo dondosha tone kwenye maji baridi: likizama likabaki tone kabla ya kutawanyika polepole, epua. Limau linaizuia sukari isirudi kuwa chembechembe. Ikipoa itiwe kwenye chupa ya kioo na ikae wiki mbili kwa uchache. Ikikaa mwezi ni bora, inazidi kukolea, na keki zinapata ile rangi ya udongo wa Walukuba baada ya mvua.

Kuna kitu kimoja ambacho maduka yetu ya mtaani hayana, nacho ni yale maji makali ya magadi ambayo Wachina hutia kwenye unga. Kazi yake ni kuua uchachu wa limau na kuipa keki rangi. Kwao zamani yalichujwa kutoka kwenye majivu, na wenzetu wa kaskazini mwa Uganda wanachuja majivu hivyo hivyo kulainisha maharage na mboga. Njia ya mjini ni hii: chukua magadi soda, ule unga mweupe wa pakiti, vijiko vikubwa viwili, tandaza kwenye sinia, weka katika oveni ya moto wa digrii 120 kwa saa moja. Utakuwa mkali kuliko ulivyokuwa, usiushike kwa mkono mtupu na usiuache watoto wanapofika. Kijiko kidogo kimoja koroga na vijiko vidogo vinne vya maji, tayari.

Kibao cha kufinyangia unaweza kununua cha plastiki chenye springi kwenye maduka ya Kichina ya Kampala. Mimi nilikwenda kwa fundi seremala wa Masese nikamwambia anichongee cha mti wa mfenesi: shimo la duara lenye upana wa sentimita 6.5 na kina cha sentimita 2.5, linalobeba keki ya gramu 100. Mwambie fundi wako mapema kwamba nakshi inachongwa kinyume, iingie ndani pale unapotaka itokeze nje, na maandishi yageuzwe. Wachina huandika jina la kilichomo ndani, au ua, au sungura. Mimi niliomba korongo wa bendera yetu, akachonga ndege anayefanana kabisa na kuku. Watoto wamemzoea hivyo hivyo.

Tunafika kwenye vijazo, na hapa usiharakishe, maana theluthi mbili ya keki ni kijazo. Kile cha fahari kwao kinatokana na mbegu za mlotasi, ua la majini, lakini mbegu hizo utazisaka Kampala nzima na ukizipata bei itakukumbusha ada za shule. Kijazo cha maharage mekundu ni cha heshima vilevile. Wao hutumia maharage madogo mekundu ya kwao. Chukua madogo mekundu ya hapa, gramu 300, yalaze kwenye maji usiku, mwaga maji hayo, yachemshe hadi yapondeke kwa vidole viwili. Yasage, kisha yapitishe kwenye chujio ili maganda yabaki juu. Ni kazi ya kuchosha mkono, ila ukiiruka utakula maharage yenye sukari badala ya kitu laini. Rojo hilo litie kwenye kikaango kizito pamoja na sukari gramu 200 na chumvi kidogo, washa moto wa wastani, na uwe unaongeza mafuta ya karanga kidogo kidogo hadi mililita 90 ziishe. Koroga bila kuondoka. Kwanza litarukaruka na kukuchoma, kwa hiyo vaa mikono mirefu. Halafu litatulia. Limeiva pale linapoachana na kikaango na mwiko unasimama wenyewe katikati. Likiwa bado laini la kumwagika, keki itapasuka ubavuni, hakuna njia ya kulidanganya. Utapata zaidi kidogo ya gramu 800.

Kijazo cha pili ndicho ninachokipenda, na nadhani Waganda wangekipenda kuliko hicho cha kwanza: cha mbegu tano. China wanachanganya jozi, lozi, ufuta na mbegu nyingine. Sisi tuna simsim, yaani ufuta, ya Lira na Gulu, karanga za Teso, mbegu za maboga, korosho kidogo kwa mwenye uwezo, na nazi kavu iliyokunwa kuwa ya tano. Nazi si mbegu ya aina hiyo, najua, lakini ndiyo inayoonjesha pwani. Kaanga kila moja peke yake kwenye kikaango kikavu, maana simsim huungua wakati karanga bado mbichi. Karanga na korosho zipondwe vipandevipande, simsim ibaki nzima. Kwa gramu 450 za mbegu weka gramu 120 za sukari, gramu 90 za shira, mafuta mililita 50, maganda ya chungwa yaliyokatwa madogo sana, na unga wa mchele uliokaangwa, gramu 90 hivi, pamoja na maji kidogo, hadi mchanganyiko ukishikwa kwenye ngumi ubaki umeshikana. Kwa wale wanaojua zile tufe za simsim zinazouzwa kwenye mabasi ya kaskazini, mkono utakuongoza wenyewe.

Neno moja kwa Waislamu wenzangu na kwa yeyote asiyekula nguruwe: keki za kununua zilizotoka Asia, hasa zenye mbegu na zile za ganda la matabaka, mara nyingi hutiwa mafuta ya nguruwe. Soma boksi, na kama hakuna lugha unayoisoma, iache dukani. Mafuta ya karanga ndiyo ya asili kwenye ganda la mtindo wa Guangdong, kwa hiyo ukipika nyumbani hakuna kinachopungua.

Siku tatu kabla ya sikukuu, oka. Ganda la keki kumi na mbili: unga wa ngano gramu 180 na wanga mweupe wa mahindi gramu 20, ili unga usiwe na mvuto wa chapati. Shira gramu 140, mafuta ya karanga gramu 52, na yale maji ya magadi kijiko kidogo kimoja kisichojaa. Koroga shira, mafuta na maji ya magadi mpaka viwe kitu kimoja, ndipo utie unga. Usikande, kusanya tu kwa mwiko, funika, uache saa mbili. Utapata donge laini lenye kung'aa. Likigawanywa ni gramu 33 kwa kila keki, na kijazo chake ni gramu 67, yaani kama unaweka kiini cha yai cha gramu 15, basi rojo la maharage liwe gramu 52. Donge unalibapa kwenye kiganja, unaweka tufe la kijazo katikati, kisha unalisukuma ganda juu polepole kwa ile nafasi ya kati ya kidole gumba na cha shahada huku unalizungusha. Mara ya kwanza utadhani haliwezi kufika juu. Linafika. Paka unga kidogo kwenye kibao, kung'uta uliozidi, ingiza tufe, bana kwa usawa, gonga kibao kwenye ukingo wa meza, keki itaanguka.

Oveni iwe digrii 200. Nyunyizia keki maji kidogo kama ukungu, oka dakika sita hadi nakshi ishike, toa, ziache zipoe dakika kumi. Piga kiini kimoja cha yai la kawaida na kijiko cha maji, chuja, kisha pakaza juu tu kwa brashi laini, safu nyembamba sana. Wengi hupaka kama wanapaka rangi ukuta, na korongo (au kuku) anazama. Rudisha kwa digrii 175, dakika kama 15, hadi ziwe za dhahabu. Zikitoka ni ngumu kama kigae, na hapo ndipo watu hukata tamaa na kuanza kunipigia simu. Zipoe, zifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa. Mafuta ya kijazo yatapanda hadi kwenye ganda, na siku ya pili au ya tatu ganda litakuwa laini na lenye kung'aa. Kwa joto letu, za yai ziliwe ndani ya siku nne tano, za mbegu zinavumilia wiki. Kwenye friji zinakaa zaidi.

Asiye na oveni afanye kama waokaji wetu wa keki za mtaani: sufuria kubwa yenye mchanga juu ya sigiri, lile jiko la makaa, ndani yake sufuria ndogo, mfuniko wa bati, makaa machache juu na machache chini. Geuza sufuria mara kwa mara kwa sababu upande mmoja siku zote ni moto zaidi.

Na kwa waliochelewa. Wajapani nao wana usiku huu, wanauita Tsukimi, na kitamu chao ni dango, vitonge vya unga wa mchele vinavyopangwa kumi na tano kama piramidi. Hivyo vinataka saa moja tu. Mimina maji ya moto sana kwenye unga wa mchele kidogo kidogo, kanda hadi ulainike kama ncha ya sikio, finyanga vitonge vidogo, tumbukiza kwenye maji yanayochemka. Vikielea, vipe dakika mbili tatu zaidi, uvitie kwenye maji baridi. Viviringishe kwenye unga wa soya uliokaangwa uliochanganywa na sukari, kama wafanyavyo wao. Unga wa soya uko tele, tunaupikia uji. Wakorea wana songpyeon, vitonge vya mchele vya kuanika juu ya majani ya msonobari siku ya Chuseok. Sijazipika, naziacha. Na ukishindwa vyote hivi, pika kabalagala. Ndizi ndogo tamu zilizoiva, unga wa muhogo, kata duara, kaanga. Ni za hapa hapa, ni za duara, ni za dhahabu, na zinakwenda na chai isiyo na maziwa kuliko kitu chochote ninachokijua.

Chai sasa, na hapa ndipo ninapogombana na wageni. Keki ya mwezi ni tamu, ina mafuta, ni nzito. Ukiinywea chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, kipande cha pili hakipiti. Chai lazima iwe ya rangi, isiyo na sukari hata chembe, yenye uchungu kidogo wa kuosha ulimi. Hajati mwaka wa kwanza alikiangalia kikombe akaniambia, "Mwanangu, chai bila sukari ni dawa." Nikamwambia, "Tafuna keki kwanza, Hajati, ndiyo unywe." Alitafuna, akanywa, hakuomba sukari. Hakusema kitu pia, lakini kikombe kilirudi kikiwa kitupu.

Shifu alikunywa pu'er, chai ya Yunnan iliyochachushwa na kukandamizwa kuwa kigae, nyeusi, yenye harufu ya udongo. Watu wa Guangdong huipenda pamoja na vyakula vya mafuta. Ukiipata, vunja gramu sita kwa buli dogo la mililita 150, mimina maji ya moto, yamwage mara moja, hayo ni ya kuiosha. Mimina tena, hesabu hadi ishirini, gawa kwenye vikombe vidogo. Majani hayohayo yatakupa mizunguko sita au saba, kila mmoja ukiongeza sekunde. Oolong ya Fujian unaitendea vilevile, ila ina harufu ya maua na inafaa zaidi keki za mbegu. Jinja tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji yetu yanachemka kwenye digrii 96 hivi, kwa hiyo kwa chai hizi mbili usisubiri, mimina yakiwa yanatokota. Chai ya kijani ndiyo inayotaka uepue birika na kungoja dakika nne tano, la sivyo inakuwa kali bila faida.

Chai yetu ya Uganda, iwe ya Bushenyi, Kyenjojo au ile ya mashamba unayoyaona karibu na Lugazi ukienda Kampala, kwa sehemu kubwa imesagwa na kuviringishwa chembechembe. Inatoa rangi upesi na kwa nguvu, kwa sababu imetengenezwa kukabiliana na maziwa. Ukiipika rangi tupu kwa kuchemsha, itakukausha meno. Kijiko kidogo kimoja kwa vikombe viwili, maji ya moto juu yake, dakika mbili, chuja. Usiirudishe jikoni. Ikitengenezwa hivyo inasimama na keki ya maharage bila aibu. Watoto wapewe mchaichai, maana pu'er saa mbili usiku itawafanya wakeshe, nawe ukeshe nao.

Jioni yenyewe. Mwaka 2026 tarehe 25 mwezi utakuwa umeshapanda kidogo jua linapozama, na tarehe 26, Jumamosi, utachomoza karibu wakati uleule wa magharibi, mkubwa na mwekundu. Wachina wenyewe wana usemi kwamba mwezi wa tarehe 15 huwa mviringo zaidi tarehe 16, kwa hiyo asiyepata nafasi Ijumaa hajakosa kitu. Tafuta uwanja ulio wazi upande wa mashariki. Sisi tuko karibu na ikweta, na mwezi wa Septemba unapanda wima: ukifika saa tano, saa sita za usiku, uko utosini. Viti vizuri vya kuutazama ukichomoza vitakuvunja shingo baadaye. Weka viti kwa ajili ya chai ya kwanza, na mikeka kwa ajili ya waliobaki.

Ni msimu wa mvua pia. Mawingu yakifunga, subiri, mara nyingi mvua ya jioni huacha anga safi saa tatu. Lakini baada ya mvua taa yoyote inaita kumbikumbi, nao wanapenda kuzama kwenye vikombe. Zima taa ya veranda. Watoto watengeneze taa zao kwa makopo ya maziwa yaliyotobolewa kwa msumari, tochi ndogo ndani. Watoto wa Vietnam hutembea na taa za karatasi usiku huo, wetu wanatembea na makopo, wanazunguka nyumba zote za mstari wetu na kurudi na njaa. Mshumaa au tadooba (koroboi) ndani ya kopo siruhusu, nyasi za paa la jirani ziko karibu.

Wenyewe zamani walimwekea mwezi meza, matunda, keki na ubani, na wengine bado wanafanya. Hilo nimewaachia. Mimi mwezi ni wa kuhesabia siku. Lakini matunda ya mviringo juu ya meza ni mazuri kwa macho na tumbo, kwa hiyo ninaweka balungi, ambalo na wao huliweka, pamoja na machungwa na pasheni. Wakiuliza hadithi, nawaeleza ya Hou Yi aliyetungua kwa mshale jua tisa kati ya kumi, na mkewe Chang'e aliyekunywa dawa ya kutokufa akapaa hadi mwezini, ambako sungura anatwanga dawa kwenye kinu hadi leo. Watoto wa hapa hawaamini. Sungura wanayemjua wao hawezi kukubali kutwanga chochote.

Keki usimpe mtu nzima. Futa kisu kwa kitambaa chenye maji ya moto, kata robo, au vipande sita ikiwa ya yai, kila mtu apate kipande chenye mwezi kidogo. Shifu alikuwa akikata na vya waliokuwa safarini, akaviweka kando kwenye kisahani, kisha usiku akivila mwenyewe. Mimi ninavifunga kwenye karatasi na kumpa wa bodaboda avipeleke kwa dada yangu Bugembe. Zilizobaki nzima zirudi kwenye kopo, zilizokatwa ziliwe asubuhi, na asubuhi anayetaka chai ya maziwa na tangawizi anywe, sigombani na mtu kabla ya saa mbili.